Saa za Mshenga

Barabara ya kwenda Mombo ilikuwa imekatika tangu Jumatatu usiku, na Lushoto nzima imekaa juu ya mlima kama kuku waliofunikwa na tenga. Vuli ya mwaka 2001 haikunyesha, ilimwagwa. Kipande cha mlima kilikuwa kimeshuka na migomba yake na kukaa katikati ya lami chini ya Soni, na mpaka Jumatano asubuhi tingatinga lilikuwa bado linakula udongo kidogokidogo. Malori ya kabichi yalipanga foleni Soni, kabichi zikioza, wenye kabichi wakilaani. Hakuna aliyepanda, hakuna aliyeshuka.

Inspekta Esta Kihiyo hakuwa na kabichi. Yeye alikuwa akiliombea tingatinga liharibike. Mkubwa wake alikuwa amempigia simu saa tatu asubuhi kumwambia kuwa barabara itafunguka saa saba mchana, na ikifunguka tu, Land Rover ya polisi itateremka na mtuhumiwa mmoja mpaka Tanga, kesi ya kushiriki mauaji, na faili liwe mezani kwake limefungwa. Mtuhumiwa mwenyewe alikuwa Modesta, karani wa Mradi wa Mikulo, mama wa mtoto wa miezi minane. Na aliyemtia ndani Jumatatu hakuwa mwingine, alikuwa Esta mwenyewe, kwa mkono wake na kalamu yake.

Hapo ndipo palipomchoma. Siku mbili alikuwa akijiambia kuwa ushahidi ni ushahidi.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kule Magamba, ndani ya msitu, Mradi ulikuwa umehesabu mikulo mikubwa iliyobaki, ile miti ya kafuri ambayo mbao zake mchwa hawaziwezi. Miti arobaini na mmoja, kila mmoja na namba yake na mahali pake, na orodha ilikuwa siri. Ilibidi iwe siri, kwa kuwa tangu soko huria liingie, kila mwenye lori na msumeno wa injini alijiita mfanyabiashara. Alhamisi ya wiki iliyopita orodha ile ilitoka ofisini kwa njia ya kompyuta. Jumamosi mikulo mitatu ikalala chini: namba moja, namba mbili, namba tatu, kwa kufuatana, kama watoto wanaoitwa mahudhurio. Mlinzi wa msitu, Mika, aliwakuta wakataji wakiwa kwenye wa tatu. Ulimwangukia, hakuna aliyemwonya. Alifia njiani, amebebwa kwenye machela ya fito.

Chini ya kisiki cha pili polisi waliokota karatasi ya orodha, imelowa, imechapwa kwa mashine ambayo haikuwa ya Mradi.

Jumatatu, fundi wa kompyuta wa Mradi, kijana anayeitwa Salvatory, alimletea Esta karatasi nyingine. Ilikuwa na mstari mmoja tu: jina la faili, jina la mtumaji, tarehe ya Alhamisi, na saa, 04:10. Jina la mtumaji lilikuwa Modesta. Salvatory alimsomea: saa kumi na dakika kumi usiku. Modesta ndiye aliyekuwa akilala chumba cha nyuma cha ofisi na mwanawe, kwa kuwa kwao ni Soni na ni mbali kwenda na kurudi na mtoto mgongoni. Esta alimuuliza usiku wa kuamkia Alhamisi, saa kumi, alikuwa wapi. Alikuwa amelala ofisini. Na nani mwingine mwenye ufunguo usiku? Hakuna, afande, ni mimi tu. Basi. Mtu kajifunga kamba mwenyewe, polisi kazi yao ni kukaza fundo.

Sasa Jumatano, saa nne na nusu, Esta alikuwa akipanda kilima kuelekea ofisi ya Mradi, viatu vimejaa tope jekundu, kwa sababu moja tu ya aibu. Salvatory alipomweleza Jumatatu habari za "proksi", yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa, na hakuelewa hata chembe. Alikuwa amemfunga mama wa mtoto kwa karatasi asiyoweza kuisoma. Kabla ya saa saba angeisoma, hata kama ingebidi afundishwe kama mtoto wa darasa la kwanza.

Ofisi ilikuwa nyumba ya mawe ya zamani, kuta nene, madirisha madogo yenye nondo. Ukungu ulikuwa umeifunika mpaka mlangoni. Mzee Sefania, mhudumu, alikuwa barazani na koti lake la sufu na viatu vya mvua, anakwangua matope kwenye ngazi kwa kisu. Esta alimsalimia shikamoo, mzee akaitika marahaba, kisha akamrudia kwa Kishambaa kama ilivyo desturi, maana salamu moja kwa mtu wa nyumbani haitoshi. Wafanyakazi wengine walikuwa wamekwama ng'ambo ya maporomoko, meneja naye yuko Tanga. Aliyekuwemo ndani ni Salvatory peke yake.

Naye alikuwa na begi miguuni.

"Shikamoo, afande," alisema akiinuka. "Nilikuwa nataka kukuona. Wakifungua barabara nina mgonjwa Mombo, naomba nishuke leo."

Esta alisema wataliongelea hilo baadaye. Alitoa mfukoni ufunguo wa kufuli la polisi, lile alilolitundika Jumatatu kwenye mlango wa chumba cha kompyuta kubwa. Hiyo ilikuwa kawaida yake kazini: pakitajwa kitu, anakifungia kwanza, anauliza baadaye. Wenzake kituoni walimcheka kwa kufuli zake. Kila asubuhi tangu siku ile alimpa Mzee Sefania ruhusa ya kuingia mbele ya askari, awashe mashine ili laini ya simu ya ofisi, inayopitia humo, ifanye kazi, kisha mlango unafungwa tena. Salvatory hakuwa ameingia.

Chumba kilikuwa kidogo kama ghala la chumvi. Dirisha moja, nondo nne, meza mbili. Kwenye meza moja ilikaa kompyuta kuukuu yenye waya wa simu nyuma yake. Kwenye nyingine ilikuwa kompyuta mpya ya meneja, imetolewa kwenye boksi wiki iliyopita na haijawahi kufanya kazi yoyote. Esta alifunga mlango kwa ndani. Salvatory aliutazama mlango, kisha akautazama mkono wa Esta uliokuwa unaweka ufunguo mfukoni.

"Nifundishe," Esta alisema. "Polepole. Jifanye mimi ni bibi yako."

Fundi alicheka kidogo, lakini alianza vizuri, maana kazi yake aliijua. Alieleza kuwa ofisi ina laini moja tu ya simu, na kompyuta sita. Sita haziwezi kushika laini moja kwa pamoja. Ndipo ikawekwa hii kuukuu katikati. Kompyuta ikitaka kutuma faili Dar es Salaam haiendi yenyewe, inaikabidhi hii, na hii ndiyo inayopiga simu, inabisha hodi kule, inafikisha. Kule wanakopokea hawaioni kompyuta ya ndani, wanaiona hii tu. Kitaalamu ni seva ya proksi. Hapa ofisini wanaiita Mshenga.

Esta alielewa papo hapo na akajikasirikia. Kumbe ndiyo hiyo tu! Alipoolewa yeye, baba yake hakuzungumza na mume mwaka mzima, alizungumza na mshenga. Siku mbili alikuwa ameogopa jina.

"Na Mshenga anaandika kila anachotumwa?"

"Kila kitu, afande. Nani kamtuma, faili gani, lini. Kwenye daftari lake la ndani."

"Basi nataka umtume mbele yangu. Kwa hii mpya ya meneja, ambayo haijawahi kumjua. Mwanzo mpaka mwisho."

Salvatory alisema hapakuwa na haja, laini leo ni mbaya, mvua hizi. Esta alisema yeye ana saa mbili za kusubiri na hana pengine pa kukaa. Fundi akaketi.

Akaweka kwanza programu ya kutuma faili, kwa diski mbili ndogo, moja baada ya nyingine. Mashine ilikoroma. Kisha akafungua ukurasa wa kuseti, akaeleza kila kisanduku huku akijaza. Hapa unaiambia programu kuwa haitatoka yenyewe, itapitia kwa wakala. Hapa aina ya wakala, maana wako wa aina tatu na kila mmoja na lugha yake. Ukikosea hapa, programu itasema hodi na Mshenga hataitikia. Hapa anwani ya Mshenga ndani ya nyumba. Hapa namba ya mlango anaoupokelea, 1080. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, havikufikiri. Hapa jina la mtumaji. Hapa neno la siri.

Esta alikuwa ameinamia bega lake. Kwenye kisanduku cha jina, vidole vile vyepesi vilikuwa vimeandika *modesta*. Na kwenye kisanduku cha chini vilikuwa vimetia nyota saba, bila kusita, bila kumuuliza mtu.

Salvatory mwenyewe alikuwa ameshaona.

Esta hakupandisha sauti. Aliuliza kwa upole kwa nini kompyuta ya meneja iende kwa Mshenga kwa jina la karani. Salvatory alijipangusa paji la uso, nalo lilikuwa kavu. Akaeleza kuwa ni urahisi tu wa kazi. Mwanzoni Modesta ndiye aliyekuwa akituma faili, yeye fundi akamtengenezea jina. Zilipokuja kompyuta nyingine alichukua mpangilio wa ile ya Modesta, akaunakili kwenye diski, akaupakia kwenye zote. Hakuna aliyewahi kulalamika.

"Kwa hiyo hapa ndani, yeyote akituma kitu, Mshenga anaandika Modesta."

"Ndiyo, lakini..."

"Jumatatu hukuniambia."

"Hukuniuliza, afande."

Kweli, hakumuuliza. Esta alihisi uso unamuwaka moto. Lakini jambo hili peke yake halikumtoa Modesta ndani, na wote wawili walijua. Jina lilikuwa limekufa, saa ilikuwa hai. Saa kumi usiku, mwenye ufunguo ni mmoja. Salvatory usiku ule alikuwa Soni, kwenye nyumba ya wageni, ameshuhudiwa na watu watano akicheza bao mpaka manane, na akalala hukohuko. Esta alishahakiki. Salvatory alionekana kulikumbuka hilo, mabega yake yakashuka, akapumua.

"Tuma sasa," Esta alimwambia.

Wakatunga faili la majaribio, maneno mawili matatu ya kipuuzi. Salvatory alibonyeza. Kwenye meza ya pili Mshenga akapiga simu, sauti ile ya kukwaruza kama paka wawili ndani ya debe, kisha kimya. Faili lilikuwa limefika Dar es Salaam. Esta aliitazama saa ya mkononi, akaandika kwenye daftari lake: saa tano na dakika ishirini. Akataka aone Mshenga kaandika nini.

"Nikuchapie mstari wake?"

"Usichape. Fungua nione kwenye kioo."

Alifungua. Mstari wa mwisho kabisa ulikuwa pale: jina la faili, modesta, tarehe ya leo, 05:20. Esta alilinganisha na daftari lake, tano na ishirini, sawa sawia. Alitikisa kichwa kuridhika na kuanza kufunika kalamu.

Mkono ukasimama.

Aliitazama tena saa yake. Mshale mfupi ulikuwa umepita kumi na moja kidogo, kama ulivyo kwenye kila saa ya Mtanzania ikiwa saa tano, na yeye tangu utotoni hajawahi kuiangalia ile namba, anaona tano tu. Lakini mashine hizi ni za Wazungu. Mchana kama huu zilipaswa kuandika kumi na moja na ishirini. Hii imeandika tano. Na tano ya leo ni saa tano, mchana, ukungu uko dirishani na mzee anakwangua matope nje. Basi kwa nini nne ya Alhamisi iwe saa kumi usiku?

Alivuta kiti, akaketi karibu na fundi mpaka magoti yakagusana.

"Salvatory. Nisomee saa hiyo."

Kijana alikitazama kioo.

"Jumatatu uliona nne ukanisomea saa kumi usiku. Hukusitasita. Nisomee na hii tano, kwa kusoma kulekule."

Hapo hapakuwa na pa kupita, na fundi alipaona kabla ya Esta kumaliza. Akisema saa kumi na moja alfajiri, jua linamuumbua. Akisema saa tano mchana, basi nne ya Alhamisi ni saa nne asubuhi, na Modesta hana kesi. Mwisho alisema saa ya Mshenga imepotea leo, ni mambo ya umeme, siku nyingine huwa sahihi.

"Haya. Turudi nyuma tuzione siku nyingine."

Hakungoja. Alibonyeza mwenyewe ule mshale wa kupanda juu, jambo dogo ambalo hata bibi angeliweza, na daftari la Mshenga likaanza kupanda: Jumatatu, Ijumaa, Alhamisi. Jumatatu fundi alimletea mstari mmoja. Kumbe Alhamisi ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Vipimo vya mvua, 02:05. Barua ya meneja, 02:40. Orodha ya mikulo, 04:10. Ripoti ya miche, 08:15. Wa mwisho, 09:20. Baada ya hapo hakuna. Jumatano yake hivyohivyo. Jumanne hivyohivyo.

"Kwa kusoma kwako," Esta alisema, "ofisi hii inaanza kazi saa nane za usiku, inafunga saa tatu na nusu asubuhi, na mchana kutwa watu wote wamelala. Hata meneja. Ungenichapia ukurasa mzima, hata mimi nisiyejua kitu ningeshangaa. Ndiyo maana ukachapa mstari."

Salvatory alisema hakuwa na nia mbaya, alichapa kilichohusika. Alisema maneno mengi, haraka haraka, na katikati ya maneno aliinuka kuelekea mlangoni, akakumbuka ufunguo uliko, akakaa. Esta alimwacha akae na hofu yake kidogo. Kisha akaenda dirishani, akamwita Mzee Sefania kupitia nondo, akamwomba aeleze akiwa hapohapo nje kile anachokifanya kila asubuhi akiiwasha Mshenga.

Mzee aliweka kisu chini, akajifuta mikono. Alieleza kwa utaratibu, kwa fahari kidogo. Kila jioni anaichomoa kwa ajili ya radi, maana radi za huku hazina adabu. Ile betri yake ndogo ilikufa mwaka jana, basi ikilala inasahau. Ikiamka inauliza kwanza tarehe. Tarehe anaitazama kwenye kalenda ya Usharika. Halafu inauliza saa.

"Na unaijibuje, baba?"

"Naijibu saa iliyopo, mwanangu. Leo niliingia na askari wako saa moja na nusu, nikaiandikia moja na nusu."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Salvatory alinionyesha pa kubonyeza. Ya saa hakunifundisha. Nani anafundishwa saa?"

Esta alikaribia kucheka na alikaribia kulia. Mashine imetoka ng'ambo, imeuliza saa kwa lugha yake, na mzee wa Kishambaa ameijibu saa ya kweli, ile ambayo yeyote kuanzia hapo mpaka Mombo angemjibu. Na mwaka mzima hakuna aliyelisoma daftari.

"Na Salvatory alijua unavyoandika?"

"Anajua. Alinikuta siku moja, akacheka sana. Nikamuuliza nimekosea wapi, akasema acha hivyohivyo mzee, haidhuru kitu." Kisha uso wa mzee ukabadilika polepole. Aliwatazama wote wawili kupitia nondo, kijana na askari, akauliza kama ni hiyo saa yake iliyompeleka binti ndani.

Esta hakutaka kumdanganya mtu wa umri ule. Alimwambia kuwa si saa yake, ni aliyeisoma. Mzee alivua kofia, akaishika kifuani.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya kawaida. Esta alifungua mkoba akatoa maelezo ambayo Salvatory aliandika Jumatatu kwa mwandiko wake. Ukurasa mzima na nusu alikuwa ameeleza usiku wake wa Soni: nani alikuwepo, nani alishinda bao, alilipa chumba gani. Mtu huulinda mlango anaotarajia mwizi apitie. Asubuhi hakuilinda. Asubuhi aliipa mstari mmoja tu, wa kweli, kwa kuwa hakuna aliyeiuliza: *Alhamisi saa nne nilikuwa peke yangu chumba cha kompyuta nikirekebisha laini, wenzangu wakiwa sokoni na wengine chai.* Na Modesta asubuhi ile alikuwa kliniki na mtoto. Esta aliliona jambo hilo Jumatatu kwenye kadi ya mtoto, limepigwa muhuri wa Alhamisi, akalipita, maana alikuwa anautafuta usiku.

Alimsomea sentensi yake mwenyewe mara mbili. Mara ya pili Salvatory aliweka uso mikononi.

Hakukiri kwa mbwembwe. Alisema ni watu wawili wenye lori, aliwajua Mombo. Walimwambia miti ni ya Mungu, nani atapungukiwa. Alituma, akadhani imekwisha. Mika alikuwa akimfahamu, waliwahi kula pamoja. Habari ya kifo ilipofika Jumapili alitaka kukimbia, akaona atakayekimbia ndiye atakayefuatwa. Kufuta daftari la Mshenga angeweza, lakini atakayeulizwa nani kafuta ni fundi. Ndipo akaiona ile nne, na jina ambalo lilikuwa pale tangu mwanzo.

"Sikumchagua yeye, afande. Jina lake ndilo lililokuwemo."

"Ana mtoto ananyonya," Esta alisema.

Salvatory alijibu kuwa anajua. Esta alimchukia kwa jibu lile kuliko kwa mengine yote.

Alimfunga pingu, akachapa kurasa zote za wiki ile, akamwomba Mzee Sefania aweke sahihi kama shahidi, na mzee aliweka taratibu, herufi moja moja. Walipofika kituoni ilikuwa imebaki robo saa kufika saa saba. Land Rover ilikuwa inanguruma uani. Mkubwa wake alisikiliza akiwa amesimama, akasema kwanza kwamba Tanga wameandikiwa jina moja, haiwezekani kubadili kila dakika. Esta aliweka kurasa mezani, akaweka na ile karatasi ya mstari mmoja juu yake, na akasema kwamba akipelekwa Modesta, yeye ataandika barua kuwa alimkamata kimakosa, na ataisaini. Mkubwa aliitazama ile barua ambayo bado haijaandikwa, akaiona itakavyokuwa. Akachukua kalamu akakata jina.

Saa saba na dakika chache simu ililia kutoka Soni. Barabara iko wazi. Salvatory alipanda nyuma ya gari, begi lake kati ya miguu ya askari wawili, na gari likateremka.

Esta alikwenda mwenyewe kumfungulia Modesta. Hakumtuma mtu. Modesta alikuwa amekaa kwenye sakafu, mgongo ukutani, kifua cha gauni kimelowa na kukauka na kulowa tena. Siku mbili maziwa yalikuwa yametoka bure. Alipoambiwa yuko huru hakuuliza ni nani. Alisimama, akashika ukuta kidogo, akatoka.

Mama yake, Cecilia, alikuwa kwenye benchi la mapokezi tangu Jumatatu, alikuwa akimlisha mjukuu uji kwa kijiko. Modesta alinyoosha mikono. Mtoto alimtazama, akavuta midomo, akageuza uso akauficha kwenye shingo ya bibi. Bibi alisema usijali, usingizi huo, lakini haukuwa usingizi na watu wote watatu waliona. Modesta alimchukua hivyohivyo, analia, anajitupa, akambana kifuani mpaka kilio kikapungua.

Esta alisema alichokuwa amekiandaa tangu ofisini kwa Mradi. Alisema amekosa, alisoma vibaya, na anaomba msamaha.

"Nimekusamehe, afande," Modesta alisema. Sauti haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Lakini uliponiuliza usiku ule nililala wapi na nani ana ufunguo, nilikujibu kweli tupu. Sikufikiri hata mara mbili. Nilidhani ukisema kweli unakwenda nyumbani."

Alimfunga mtoto mgongoni, bibi akimsaidia kukaza kanga.

"Nimeshamwambia mama. Polisi wakija tena kwetu kuuliza, hakuna aliyelala popote, na hakuna mwenye ufunguo."

Wakaaga vizuri, kwa heshima zote, wakashuka kuelekea stendi kutafuta gari la Soni.